Mali bila daftari: farasi wa Kentucky na punda wa Sebei (hotuba yote, kwa ambao hamkufika)

Wengi mmeniandikia mkisema mvua iliwafungia njia na mkutano wa wafugaji pale Kapchorwa, huku kwetu Sebei, Uganda, hamkufika, wengine mlikuwa na matanga, wengine nawajua tu mlikuwa mmelala. Mmeomba hotuba. Hii hapa yote vile niliongea, picha za ukutani nimeziacha manake hata waliokuwepo hawakuziona, stima ilienda mapema.

Bwana asifiwe! Asalaam aleykum! Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, ndugu zetu mliovuka kutoka Endebess na Kitale, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni mkingoja soda, nawasalimu wote. Mimi ni binti yenu, wengi hapa mlinijua nikichunga mbuzi, kwa hiyo mkiona naanza kuongea makubwa sana nirudisheni chini.

Mwenyekiti ameniambia niongee juu ya farasi. Sasa nikiingia hapa mzee mmoja amenishika mkono akaniuliza, binti yangu, farasi wako wapi hapa Sebei? Yaani umetoka Marekani kuja kutuhubiria mnyama ambaye hatuna? Swali zuri mzee. Nani hapa ana farasi, ainue mkono. Hakuna. Nani ana punda? Ehee! Nani ana ng'ombe? Basi kaeni, tutafika kwenu.

Kwanza tuelewane kwa nini hatuna. Si kwamba babu zetu hawakujua kitu kizuri. Mbung'o analeta ugonjwa wa nagana, na juu yake kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaletwa na vijidudu vidogo sana vya kuuma usiku, pundamilia anakaa nao mwilini bila shida lakini farasi ukimwingia vibaya anakufa kwa siku chache tu. Ndio maana farasi wa Uganda unawahesabu, wako Jinja na Lake Mburo wanabeba watalii, wako Munyonyo, na kwingine kuchache. Hapa kwetu mlimani kazi ya farasi ameifanya punda, amebeba kahawa, amebeba mahindi, amebeba maji, amebeba hata wagonjwa, na asante hajawahi kuskia.

Sasa Kentucky. Ni jimbo huko Marekani, na katikati yake kuna mji unaitwa Lexington, wenyewe wanajiita mji mkuu wa farasi wa dunia, hawana aibu. Ukitoka mjini kidogo unakuta mashamba ya nyasi hayaishi, fensi za mbao nyeusi au nyeupe zinapanda na kushuka vilima, na mabanda ya farasi ambayo kusema kweli mimi nilikuwa tayari kuhamia mle ndani na mizigo yangu. Nyasi zao wanaziita bluegrass, yaani nyasi za buluu, usidanganyike, ni za kijani tu kama zetu. Lakini chini yake kuna mawe ya chokaa, na hayo mawe yanatia kalsiamu kwa maji na kwa majani, kuna na fosforasi pia, ndio wanasema mtoto wa farasi akikulia pale mifupa yake inakuwa migumu. Wamefuga pale tangu karne ya 18.

Mashindano yao makubwa ni Kentucky Derby, Louisville, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 5, yalianza 1875 na hayajakosa mwaka hata mmoja. Umbali ni kilomita 2. Unajua yanachukua muda gani? Dakika 2! Watu zaidi ya laki moja wanavaa kofia kubwa, wanakuja tangu asubuhi, kwa kitu cha dakika 2. Mwenye rekodi ni farasi anaitwa Secretariat, 1973, dakika 1 na sekunde 59 na kitu, na mpaka leo hakuna aliyemvunja. Na msianze kunong'ona huko nyuma, najua mnataka kusema Cheptegei. Cheptegei ni mtu, yule ni farasi, na kwa mita 10,000 mimi bado nitaweka pesa yangu kwa mtoto wa Kapchorwa.

Lakini niwaulize. Hizo dakika 2 ndizo zinalisha jimbo zima? Hapana! Hapo ndipo mimi nilishangaa. Mkimbiaji akishinda anapata zawadi, sawa, lakini pesa ya Kentucky haiko kwa mbio, iko kwa kuzalisha na kuuza. Iko kwa mwenye dume. Iko kwa anayeuza nyasi kavu. Iko kwa fundi wa kwato, kwa dereva wa lori, kwa daktari, kwa wakili, kwa mtu wa mnada. Kuna dume aliitwa Storm Cat, miaka ya 2000 kumpandisha jike mmoja tu kwake ilifika dola 500,000. Jike mmoja! Zidisheni wenyewe kwa shilingi, mimi nilijaribu kwa simu nikaizima. Na dume akimaliza msimu Kentucky mwingine anapakiwa ndege anapelekwa Australia manake huko msimu ndio unaanza, anafanya kazi tena. Wanaume msicheke, ni biashara.

Na mnada wenyewe ni Keeneland, hapo hapo Lexington. Wanauza farasi wa mwaka mmoja, hajawahi kukimbia hata siku moja, hajawahi kubeba mtu mgongoni. Unanunua nini basi? Unanunua baba na mama yake. Unanunua karatasi.

Sikilizeni hii. 1983, Keeneland hapo, akatokea mtoto wa baba mkubwa sana anaitwa Northern Dancer. Matajiri wawili watatu wakaanza kushindana, huyu akitaja yule anaongeza, huyu akitaja yule anaongeza, mpaka Sheikh Mohammed wa Dubai akamchukua kwa dola milioni 10.2. Kabla ya siku hiyo hakuna farasi wa mwaka mmoja aliyewahi kufika milioni 10. Wakamwita Snaafi Dancer, wakampeleka Uingereza kwa mwalimu mzuri. Basi akashinda ngapi? Hata moja. Hakuwahi kukimbia! Mazoezini alikuwa mzito hivi kwamba waliona haya kumtoa mbele ya watu. Wakasema sawa, tumfanye dume la mbegu. Mbegu nazo zikakataa, maisha yake yote alipata watoto 4 tu.

Sasa rudini nyuma miaka 8 tu. 1975, mnada mwingine hapo hapo Lexington, kuna kijana wa farasi mweusimweusi, mguu mmoja wa mbele umegeukia nje, anatembea vibaya, watu wanampita. Vijana fulani, mtu na mkewe, wakamchukua kwa dola 17,500. Huyo ndiye Seattle Slew. 1977 akashinda yale mashindano matatu makubwa yote, Kentucky, Maryland, New York, ndani ya wiki tano, na alikuwa hajawahi kushindwa hata mara moja tangu azaliwe, kitu hicho hakuna aliyekuwa amekifanya kabla yake.

Kwa hiyo karatasi inadanganya? Ngojeni. Mnunuzi wa Snaafi Dancer alipata hasara, ndiyo. Lakini muuzaji je? Mwenye mnada je? Daktari aliyepima mapafu je? Wote walilipwa, wakaenda nyumbani wakala wakashiba. Na yule wa 17,500, karatasi yake nayo ilikuwa imeandikwa vizuri vilevile, baba nani, mama nani, kazaliwa lini, ndio maana alipoanza kushinda hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani. Karatasi haikuahidi mbio. Karatasi iliahidi kwamba mnyama huyu ndiye huyu. Na hiyo tu, hiyo peke yake, ndiyo imejenga soko ambalo mtu wa Japan na mtu wa Dubai na mtu wa Ireland wanapanda ndege kwenda kuacha pesa kwa mji wa wafugaji.

Wazee wangu, sisi tunasema nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaisema sana! Tunaisema kwa harusi, tunaisema kwa mazishi watoto wakigombania. Nani hapa ana daftari la ng'ombe wake? Inua mkono nione. Mwalimu peke yake. Na wewe Mama, sawa, wawili.

Kule kitabu cha farasi wa mbio kinashikwa na chama kimoja tu, Jockey Club, tangu karne ya 19. Mtoto akizaliwa anachukuliwa DNA, inalinganishwa na ya baba na mama, ukidanganya unakamatwa. Anawekwa chipu shingoni. Mbegu ya chupa hairuhusiwi, dume lazima apande mwenyewe watu wakiona. Na farasi wote, wote, siku ya kuzaliwa kwa karatasi ni tarehe 1 mwezi wa kwanza, hata azaliwe mwezi wa 5 yeye ikifika tarehe 1 ya mwaka unaofuata ameshatimiza mwaka. Kwa sababu hiyo kila mtu anataka jike lake lizae mapema, Januari, Februari, na kwa kuwa jike la farasi linashika joto siku zikiwa ndefu basi wanaliwashia taa bandani tangu Desemba, masaa 16 ya mwanga, lidhani baridi imeisha. Wanadanganya mnyama lakini daftari hawadanganyi.

Mimi kazi yangu ilikuwa usiku. Nilikwenda kama mwanafunzi wa mazoezi, wakaniweka kulinda majike wenye mimba pamoja na mzee mmoja wa Mexico, saisi wa siku nyingi, Kiingereza chake kidogo na changu cha Kapchorwa, tukaelewana. Niwaeleze usiku mmoja ili muone.

Baridi kali, nje theluji. Jike mmoja chuchu zake zimetoa vitone vimeganda, mzee akanionyesha kwa tochi, akasema leo. Saa saba akaanza kutoka jasho ubavuni, anazunguka, anaangalia tumbo lake. Akalala. Ukaonekana mfuko mweupe, mzee akashusha pumzi, manake ukiona mfuko mwekundu umetangulia ni kukimbia na kisu, kondo limeachia kabla ya wakati na mtoto hana hewa. Huu ulikuwa mweupe. Kwato moja ikatangulia, ya pili nyuma yake kidogo, halafu pua imelala juu ya magoti. Kila kitu mahali pake. Saa 8 na dakika 10 mtoto yuko chini kwa nyasi, amelowa, anatoa mvuke. Mimi nilitaka kumsaidia asimame, mzee akanizuia na kiganja, hapana, mwache. Miguu mirefu hiyo! Anainua nyuma, mbele inakataa, anaanguka na mdomo. Anapumzika. Anajaribu tena, anaanguka upande wa pili. Saa 9 kamili akasimama, miguu yote minne imepanuka, anatetemeka, anashangaa dunia. Halafu akatafuta chuchu kila mahali pasipo na chuchu, kwa mguu, kwa ukuta, kwa koti langu. Saa 9 na nusu tukaskia ile sauti ya kufyonza. Dang'a imeingia. Mzee akatoa kalamu sikioni akaandika. Kazaliwa 8 na 10. Kasimama 9. Kanyonya 9 na nusu. Kondo lilipotoka akalitandaza sakafuni kama suruali, miguu miwili, akakagua ncha zote mbili kama kuna kipande kimebaki ndani, akalipima kwa mizani, akaandika tena.

Kwa nini anaandika dakika? Hapa ndipo nataka mnisikie vizuri nyinyi wenye madume ya ng'ombe. Mikataba mingi ya kupandisha huko inasema hivi, pesa ya dume inadaiwa mtoto akishasimama na kunyonya. Akisimama. Na kunyonya! Jike likikosa mimba, hulipi. Mimba ikiharibika, hulipi. Mtoto akizaliwa amekufa, hulipi. Ile saa 9 na nusu aliyoandika mzee kwa kalamu ya kuokota ilikuwa na thamani kuliko banda lenyewe, na hakuna aliyekwenda kumuuliza ana uhakika, wanamwamini manake anaandika kila usiku, hata usiku ambao hakuna kitu.

Sasa sisi? Unaita mtu wa mbegu, anakuja na bodaboda na chupa yake, anafanya kazi yake dakika tano, unalipa hapo hapo na pesa ya mafuta juu. Siku 21 ng'ombe anarudia joto. Unapiga simu, eti namba unayopiga haipatikani. Umeandika tarehe? Hapana. Umeandika jina la dume lililo kwa ule mrija wa mbegu? Mrija ulitupwa. Utamdai vipi? Mwaka jana mmoja, sitamtaja na wala hakutoka wilaya hii, alipitia boma zetu nzima akala pesa, ndama wachache mno walipatikana, na hatukuwa na hata karatasi moja ya kupeleka kwa afisa wa mifugo. Si kwamba Uganda hatuna mahali, tunacho kituo cha taifa cha mbegu kule Entebbe, na sheria ya kuzalisha mifugo iko tangu 2001, lakini sheria haiwezi kuja bomani kwako kukuandikia kwamba ng'ombe Chelimo alipandwa Jumanne.

Tupite haraka kwa ardhi manake najua ikiguswa hatutoki hapa mpaka kesho. Lexington 1958 walichora mpaka kuzunguka mji, wa kwanza Marekani nzima kufanya hivyo, wakasema nyumba ndani ya mstari, mashamba nje. Baadaye wakaongeza kwamba nje huko huwezi kukata kiwanja chini ya eka 40, na tangu 2000 mji unamlipa mwenye shamba aandike kwamba halitajengwa kamwe, shamba linabaki lake anaendelea kufuga. Sisi tunakata mpaka robo eka kila mtoto akioa. Sitasema zaidi.

Nataka niongee juu ya ugonjwa. 2001, wakati wa Derby hapo hapo, majike ya Kentucky yakaanza kutupa mimba. Shamba moja, mbili, kumi, kila mahali. Lori za kubeba mizoga zinapishana. Kwa ujumla maelfu ya watoto walipotea mwaka huo na uliofuata, hasara ya mamia ya milioni ya dola. Na nani anajua sababu? Hakuna. Wengine ukungu wa majani, wengine sumu, wengine maji.

Fikirini ingekuwa hapa. Sisi tungefanya nini? Tungenyamaza! Sisi ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia bomani mtu anaficha, anaogopa karantini, anaogopa soko kufungwa, basi usiku anasukuma wale wanaoonekana wazima mpaka Suam, mpakani na Kenya, anauza, na ugonjwa unavuka nao barabara ya lami tuliyoililia miaka yote. Ni uongo? Mbona mmenyamaza?

Wale wa Kentucky, pamoja na kwamba ni wafanyabiashara na wanaoneana wivu kushinda wake wenza, walifungua daftari. Kila shamba likatoa, jike gani, alikula wapi, alikuwa na mimba ya siku ngapi, kulikuwa na miti gani. Watu wa chuo kikuu cha Kentucky wakaweka hizo karatasi pamoja, na kitu kimoja kikawa kinajirudia. Viwavi. Mwaka huo kulikuwa na viwavi wengi ajabu, wanajenga utando kwa miti ya cheri ya mwitu, wanashuka kwa majani, na jike anawala bila kujua. Vinyweleo vyao vinachoma matumbo, bakteria zinapata njia mpaka kwa mimba. Mbeleni kila mtu aliuona huo mti kama kivuli kizuri cha farasi! Wakakata miti mingi ya cheri, wakahamisha majike viwavi wakitokea, na tatizo likaisha nguvu. Sasa bila karatasi za kila shamba nani angemshuku kiwavi?

Msidhani nawasifia tu. Kuna ukurasa kwa historia yao unaniuma na lazima niusome, hasa kwa sababu ni sisi.

Derby ya kwanza, 1875, majoki walikuwa 15. Kati yao 13 walikuwa watu weusi. Aliyeshinda, Oliver Lewis, mweusi. Mwalimu wa farasi, Ansel Williamson, mweusi aliyezaliwa mtumwa. Baadaye akaja Isaac Murphy akashinda Derby mara 3. Nani alijua farasi kuliko wao? Wao ndio walilala nao bandani, wao ndio walijua huyu anapenda kupigiwa mluzi na yule hapendi mvua. Halafu ilipoonekana kuna pesa na kuna jina, sheria za ubaguzi zikakaza, majoki weupe wakawa wanawabana kwa fensi wakiwa mbioni, wenye farasi wakaogopa kuwapa kazi, ndani ya miaka michache wakafutika kabisa.

Wa mwisho kushinda ni Jimmy Winkfield, mtoto wa hapo karibu na Lexington. Alishinda 1901, akashinda tena 1902. Kazi ikakauka akaondoka, akaenda Urusi akawa mkubwa huko, baadaye Ufaransa. 1961, mzee sasa, akaalikwa kwa karamu ya heshima Louisville kabla ya Derby. Kafika na binti yake mlango wa mbele wa hoteli, mlinzi akawaambia nyinyi hapa hampiti. Mshindi wa Derby mbili! Wakaachwa wamesimama mpaka ilipoelezwa kwamba ni wageni. Tangu yeye mpaka leo hakuna joki mweusi mwingine aliyeshinda ile Derby. Na leo wanaolala bandani ni Wamexico na Waguatemala, kama yule mzee wangu wa kalamu, jina lake halimo kwa karatasi yoyote ya umiliki.

Kwa hiyo mama zangu nawauliza, punda anayekuletea maji ameandikwa kwa jina la nani? Nani anamlisha? Nani anamtibu kidonda cha mgongo? Na akiuzwa pesa inapita mkono wa nani? Wazee msikasirike, naomba tu iandikwe.

Na punda mwenyewe yuko hatarini, hii si hadithi ya Marekani. Mnakumbuka vile Kenya walifungua machinjio ya punda, Naivasha, Mogotio na kwingine? Ngozi inakwenda China inachemshwa inakuwa dawa inaitwa ejiao. Punda wakaanza kupotea usiku, asubuhi unakuta kichwa na kwato. Serikali ya Kenya ikapiga marufuku 2020, kesi ikaenda mahakamani mwaka uliofuata marufuku ikaanguka, na Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika wakakubaliana biashara ya ngozi isimame kwa miaka 15. Vizuri. Lakini mwizi hasomi maazimio ya Umoja wa Afrika. Na punda jike anabeba mimba mwaka mzima, mara nyingi na zaidi, mtoto mmoja tu, sasa ukichinja mia unarudisha lini?

Punda wako akiibiwa leo, polisi watakuuliza rangi gani, utasema kijivu. Wote ni kijivu! Alama gani? Eh, masikio marefu.

Ndio nasema tuanze. Si chipu, si DNA, hatuna pesa hiyo. Nimenunua kaunta buku moja kubwa, liko kwa katibu pale mezani. Kila punda ukurasa wake, jina la mwenyewe na jina la anayemtunza, yote mawili, umri kwa meno, kovu liko wapi, ule msalaba wa mgongoni umekaaje, mama yake nani kama anajulikana, akizaa tarehe, akiuzwa kwa nani. Vijana wenye simu nzuri mtapiga picha upande wa kulia na wa kushoto, mtatumia kwa grupu. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anapiga muhuri. Na yeyote atakayetaka barua ya kusafirisha mnyama, aonyeshe ukurasa kwanza. Ng'ombe tutaingia msimu ujao, na nyie wenye madume jiandaeni, tutaongea habari ya kusimama na kunyonya.

Chakula kiko tayari, naona mapishi yamefunuliwa, sitawachelewesha. Ila kabla ya sahani, tuanze na wale punda waliofungwa hapo nje kwa ua, manake mmoja amekata kamba, ameshaingia kwa mahindi ya mzee wa jirani, na mzee amesimama mlangoni hapa tangu nianze kuongea juu ya ugonjwa, anauliza yule mwenye doa jeupe puani ni wa nani. Ni wa nani?